Mihogo ya Baada ya Idi

Siku ya tatu baada ya Idi, mihogo hudoda soko la Mgandini. Wiki moja nyuma watu walikuwa wakiigombania. Mwezi mzima wa Ramadhani, ukifika sokoni baada ya alasiri unakuta maganda na vipande vilivyobaguliwa. Magimbi, viazi vitamu, ndizi mkono wa tembo na mashelisheli hupanda bei, na watu hununua hivyo hivyo, kwa kuwa nyumba nyingi za Tanga hazioni futari imekamilika bila muhogo wa nazi. Kisha mwezi unaandama, tunakula pilau ya Idi, na siku zinazofuata foleni inarudi dukani, kwenye mikate.

Mama ninayenunua kwake huleta mihogo kutoka upande wa Kirare, nje ya mji. Mwaka huu nilimkuta amekaa mbele ya mafungu ambayo hayajaguswa tangu asubuhi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole: “Mwanangu, nyie watu wa mjini muhogo mnaula kama ibada. Mfungo ukiisha, mlango mnatufungia sisi.”

Nilinunua mafungu mawili nikaondoka, lakini maneno yake hayajanitoka. Nimeyageuza huku na huku, na naona yana uchambuzi mzuri kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina za lishe.

Tunapoulizwa kwa nini meza zetu zimejaa vitu vya kuagiza, tuna majibu matatu tayari mdomoni. Vijana hawapendi vyakula vya asili. Vyakula vyenyewe havipatikani. Na wapishi wa siku hizi hawajui kuvipika. Ramadhani inayafuta majibu hayo yote kila mwaka, kwa siku 29 au 30 mfululizo. Kijana anayedai chipsi mwezi wa Shaabani ndiye huyo huyo anayegombea bakuli la mbaazi za nazi adhana ya magharibi inapolia. Mihogo inapatikana, tena kwa malori. Na msichana anayesemwa kuwa hajui jiko anatia tui jepesi kwanza na zito mwisho, anakoroga taratibu lisikatike, bila kufundishwa na semina yoyote. Ladha haijafa, shamba halijafa, ujuzi haujafa.

Kinachobadilika Ramadhani ni mambo mawili. Muda unapatikana, kwa sababu nyumba nzima hujipanga kuzunguka jiko: kuanzia saa nane mchana huyu anamenya, yule anakuna nazi, mwingine anachambua kunde. Na chakula hupewa heshima yake. Hakuna anayemhurumia jirani kwa kufuturu magimbi. Lakini mle magimbi hayo asubuhi ya mwezi mwingine wowote, na mtu atauliza kama nyumbani kuna shida.

Muda na heshima. Naamini humo ndimo chakula chetu cha kila siku kilimopotelea, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nieleze hali ilivyo. Mwezi uliopita niliandika kwenye daftari kila tulichokula nyumbani kwangu Ngamiani kwa wiki moja. Milo 21, watu watano. Milo iliyotokana na vitu vya mkoa huu, ukiacha chumvi na sukari, ilikuwa 6. Nilitegemea ugali na wali ndivyo vitakavyonisuta, kwa kuwa unga wa sembe na mchele wa dukani mara nyingi hutoka mikoa mingine, lakini hivyo angalau ni jasho la mkulima wa Tanzania. Kilichonishangaza ni asubuhi. Siku 7 kati ya 7 tulikula ngano: mkate mara nne, chapati mara mbili, maandazi mara moja. Na ngano ndiyo nafaka ambayo nchi yetu inaagiza sehemu kubwa ya inayoitumia.

Fuata chapati moja uone shilingi yake inakwenda wapi. Unga umetokana na ngano iliyokuja kwa meli. Mafuta, yakiwa ya mawese kama yalivyo mengi ya bei nafuu madukani, yametoka Malaysia au Indonesia. Kinachobaki Tanga ni mkaa, chumvi na mikono ya mpishi. Mwaka 2022, vita vilipoanza kati ya Urusi na Ukraine, bei ya unga wa ngano na mafuta ya kula ilipanda, na mama wa chapati wa mtaani kwetu akaanza kusukuma chapati nyembamba kuliko za zamani. Mabomu yalikuwa yakilia mbali sana, na sahani ya mtoto wa barabara ya 14 ikapungua.

Sasa fuata kitumbua. Mchele unaweza kuwa wa Mombo, kule Korogwe, ambako wakulima hulima mpunga wa umwagiliaji. Nazi ya Pangani. Iliki ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako pia hutoka mdalasini, karafuu na pilipili manga. Mpishi hukaanga kwa mafuta kidogo, kitone tu katika kila shimo la chuma. Karibu kila mkono ulioshika kitu hicho kabla hakijafika kinywani ni mkono wa mtu wa mkoa huu. Mimi napenda chapati, na sitaki mtu aiache. Ninachokataa ni asubuhi 7 kati ya 7.

Hapa lazima niseme ninachomaanisha ninaposema “cha kwetu,” maana neno hilo hutumiwa ovyo. Muhogo asili yake ni Amerika, na mahindi vilevile; vyote viliingia Afrika kwenye nyakati za Wareno. Mkorosho ulitoka Brazili. Fenesi, ambalo ukipita Muheza unadhani liliumbwa pale, asili yake ni India. Mnazi nao ulikuja kwa bahari kutoka mashariki. Tukianza kukitaka kila chakula cheti cha kuzaliwa, tutabaki na mlenda, kunde na samaki. Chakula ni cha kwetu kwa sababu mtu wa hapa anakijua: anajua kukipanda, anajua mwezi wake, anajua sumu yake iko wapi na inatolewaje, na anapokiuza pesa inalala hapa.

Na kwa muhogo, ujuzi wa mkoa huu umekwenda mbali kuliko tunavyojisifia. Kituo cha utafiti cha Amani, wilayani Muheza, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ni pale, mwaka 1936, ugonjwa wa michirizi ya kahawia ya muhogo ulipoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza. Kuanzia miaka hiyo watafiti wa Amani walichanganya mihogo ya kulimwa na jamaa zake wa porini ili kupata mbegu zinazostahimili michirizi na batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Uzao wa kazi hiyo ulipelekwa hadi Nigeria miaka ya 1950, na huko ukawa mzazi wa aina nyingi za muhogo zilizosambaa Afrika. Nigeria leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha muhogo. Mtoto wa Tanga anaweza kumaliza shule bila kulisikia jambo hili, akaendelea kuamini kwamba muhogo ni chakula cha wasio na kitu.

Imani hiyo haikuota yenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta vichipukizi vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika hai vilikuwa 62, vikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ya Tanga ulianza. Miaka 71 baadaye, mwaka 1964, nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ya utajiri huo ilitoka mkoa huu. Kwa miongo hiyo yote, ardhi nzuri iliyo karibu na reli ilipandwa kitu kisicholiwa, na maelfu ya manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, walioletwa kutoka bara na kusini waligawiwa posho: unga wa mahindi uliopimwa kwa kibaba. Posho ilikuwa rahisi kupima, rahisi kubeba, haiozi upesi kama muhogo mbichi, na msimamizi hakuhitaji kujua anayeila ni Mmakonde au Mnyamwezi. Neno lenyewe lilienea hivi kwamba Waganda hadi leo huuita ugali posho. Hivyo mahindi yakawa chakula cha anayelipwa.

Muhogo ukapewa kazi nyingine. Serikali ya mkoloni iliwalazimisha wakulima kupanda muhogo kama akiba ya njaa, na baada ya uhuru kampeni za namna hiyo ziliendelea. Lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa muhogo huvumilia ukame na husubiri ardhini mpaka uhitajike. Lakini kitu unachoamriwa kupanda kwa ajili ya siku mbaya hukibakishia siku mbaya. Bada, ule ugali wa unga wa muhogo ambao Wabondei, Wasambaa na Wadigo wameula vizazi na vizazi, ukashuka daraja ndani ya nyumba zao wenyewe. Bibi yangu alikuwa akipika bada kwa mchuzi wa papa mkavu, nasi wajukuu tulilamba vidole. Akija mgeni kutoka mjini, bada lilifunikwa kwa kawa na kupelekwa nyuma. Mgeni alipikiwa wali. Sidhani alikuwa na haya na chakula chake. Alijua tu mgeni angekisoma vipi.

Heshima inaweza kurudi, na kwa kweli imeanza kurudi, ila kwa njia inayonisikitisha. Nenda kwenye hoteli yoyote ya maana mjini wakati wa mkutano, uangalie meza ya kifungua kinywa. Utakuta viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, vipande vya muhogo, mahindi, vimepangwa kwenye vyombo vya kung'aa na vinalipiwa pesa ambayo ingetosha debe zima sokoni. Wanaojipakulia ni watu wa umri wa makamo waliokwisha kuambiwa na daktari kuhusu sukari na shinikizo la damu. Watu wazima wanarudi kwa magimbi kwa amri ya hospitali, miaka 30 baada ya kuwafundisha watoto wao kuyaona duni. Afya isiwe sababu pekee, kwa sababu chakula kinachofungamanishwa na ugonjwa hakina heshima zaidi ya kile kinachofungamanishwa na njaa. Na tusidanganyane: muhogo ni wanga mtupu kwa sehemu kubwa, na tui lina mafuta mengi. Vinakuwa mlo kamili vinapopata mwenzi, yaani kunde, dagaa, mbaazi, kisamvu. Bibi zetu hawakuuandaa muhogo peke yake kama si siku ya dhiki.

Nije kwenye muda, ambao kwangu ndio uzito wa jambo hili lote, na ambao wanaume tunaoandika makala kama hii huuruka.

Nazi. Kupika kitu chochote kwa nazi, kwa njia ya zamani, kunaanza na kufua, kisha kuvunja, kisha kukaa juu ya mbuzi na kukuna. Nazi mbili kwa familia ya watu watano. Baada ya hapo machicha yanatiwa maji ya vuguvugu, yanakamuliwa kwenye kifumbu, tui zito linawekwa pembeni, yanatiwa maji tena, yanakamuliwa tena kupata tui jepesi. Mwenye mkono mwepesi anamaliza kwa nusu saa au zaidi kidogo. Ongeza kumenya muhogo, kuutoa mzizi wa kati, kuukata. Ongeza kuchambua mchunga, jani kwa jani, kuuchemsha na kumwaga maji ili uchungu upungue. Mlo mmoja wa jioni umekula saa mbili za mwanamke ambaye ametoka kazini saa kumi na moja. Halafu tunamwambia asipoupika anasahau asili yake.

Wanawake wa Tanga hawakusahau asili; walipiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Wali na maharage ya kununua tayari, au tambi, au ugali na mayai, vinamrudishia saa moja ya kukaa na wanawe. Gesi nayo imesukuma upande huo huo. Imepunguza moshi jikoni na siombi turudi nyuma, lakini kila dakika sufuria ikiwa juu ya jiko mtungi unapungua, na maharage makavu au mbaazi huchemka muda mrefu. Jiko la mkaa lilisahau sufuria ya kunde mchana kutwa bila kulalamika. Jiko la gesi linadai vitu vya haraka, na vitu vya haraka vingi ni vya kuagiza.

Ndiyo maana naona mapinduzi makubwa kuliko yote katika chakula cha pwani kwa miaka ya karibuni hayakufanywa na mhamasishaji yeyote. Yalifanywa na mashine ya kukuna nazi. Zipo sokoni Mgandini, zipo Makorora, zipo kwenye vibanda vya mitaani: injini ndogo ya umeme, kichwa cha chuma chenye meno, kijana mmoja. Unachagua nazi, anaivunja, anakuna mbele ya macho yako kwa dakika moja, anafunga machicha kwenye mfuko. Shilingi chache tu. Mashine hiyo imefanya wali wa nazi uwezekane siku ya Jumatano. Karibu yake kuna mama anayeuza kisamvu kilichokwisha kusagwa, mwingine anayeuza kunde zilizopukuchuliwa, na mwingine mihogo iliyomenywa ikielea ndani ya ndoo ya maji. Watu hao wanauza muda. Wanauza kile tunachokipata bure Ramadhani kwa msaada wa nyumba nzima.

Kama ningepewa bajeti ya kukuza ulaji wa vyakula vya mkoa huu, nisingechapisha bango hata moja. Ningewapelekea watu hao maji ya bomba yanayotiririka, meza za saruji zinazosafishika, umeme wa uhakika na kivuli. Muhogo uliomenywa na kukaa ndani ya maji ya ndoo yaliyotumika tangu alfajiri ni hatari, na mnunuzi mwenye mtoto mdogo anafanya vizuri kuuogopa. Usafi wa meza ile ndio utakaoamua kama atanunua muhogo au mkate uliofungwa vizuri kwenye mfuko. Na kisamvu lazima kichemshwe vya kutosha, mihogo michungu lazima ilowekwe na kukaushwa ipasavyo kabla ya kuwa unga. Muuzaji anayejua hayo na kuyafanya anastahili kulindwa kama fundi wa kazi nyingine yoyote.

Nazi yenyewe ina msiba wake. Minazi mingi ya pwani yetu ni mizee, ilipandwa na watu tuliowazika zamani. Kuna ugonjwa unaoiua ikiwa imesimama, kuna mdudu chonga anayetoboa moyo wa mnazi kule kileleni, na kuna viwanja vya nyumba vinavyokatwa katikati ya mashamba. Kila mnazi unaoanguka huchukua miaka kurudishwa. Kwa hiyo nazi inapopanda bei tusimlaumu muuzaji wa Makorora. Tumwulize kila mwenye eka mbili Pangani na Mkinga kama amepanda miche mwaka huu.

Samaki ni habari tofauti, na hapa muda unaohusika ni wa bahari. Watu wengi wanaofika soko la samaki la Deep Sea wakitaka changu kila siku hurudi wakilalamika kwamba Tanga hakuna samaki. Bahari haina ratiba ya duka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka, vyombo vingi hulala, na dagaa wabichi huadimika. Pweza huja na bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikabaki wazi, wanawake kwa wanaume wakashuka na vijiti. Kusi linapovuma kwa nguvu, ngalawa ndogo hazitoki nje ya mwamba. Aliyekulia Chumbageni au Sahare hujua mambo haya bila kuyataja: anatazama mbalamwezi anajua kesho ni siku ya maharage. Mpishi anayepanga wiki yake kwa kufuata mwezi atakula samaki mzuri kwa bei nzuri. Anayemtaka aina moja tu siku zote atamlipia ghali, au atanunua wa kugandishwa aliyetoka nchi nyingine.

Dagaa nawatetea kwa nguvu zote. Huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata protini na madini ya chokaa kwa pesa kidogo kuliko kipande cha nyama. Huko Kipumbwi na Kigombe huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, kisha magunia hupakiwa kwenye malori na kusafiri, mengine hadi Kongo. Pweza naye mara nyingi huishia nje ya nchi. Sina ugomvi na biashara hiyo, inalisha kaya nyingi za pwani. Lakini nimeona kaya hizo hizo zikiuza dagaa asubuhi na kununua soseji jioni kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa soseji ina picha nzuri kwenye pakiti. Hapo heshima imekwenda kinyume kabisa na lishe. Na tusisahau kwamba samaki wa miamba walipungua kwa mikono yetu: kwa miaka mingi pwani ya Tanga ilipigwa baruti, na mwamba uliovunjwa kwa sekunde moja unahitaji miongo kuota tena. Anayependa kula changu wa Tanga anapaswa kuwa adui wa kwanza wa baruti, na akatae samaki asiyejua alivuliwaje.

Machungwa nitayasema kwa ufupi kwa sababu yananiuma. Msimu ukichanganya, Muheza huwa na machungwa mpaka barabarani. Wafanyabiashara kutoka Kenya huja na malori yao, hununua shambani kwa bei wanayoipanga wao, na yanayobaki huozea chini ya miti. Kilomita 40 kutoka hapo, kwenye harusi mjini, mgeni anakaribishwa kwa kinywaji cha chupa chenye rangi ya chungwa. Kamati ya harusi inayoweza kukodi mapambo ya ukumbi inaweza pia kuagiza magunia matano ya machungwa na kuwalipa vijana wa kukamua. Nimeshauri hivyo mara mbili. Mara ya pili walikubali, na mitungi ya juisi iliisha kabla ya bibi harusi hajaingia.

Maziwa yanaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tanga kuna kiwanda cha Tanga Fresh, na maziwa yake hutoka kwa wafugaji wadogo wanaokusanya kupitia vyama vyao. Mtindi wake unauzwa kila kona ya mji huu na mbali zaidi, na hakuna anayeunywa kwa sababu ya uzalendo. Watu wanaunywa kwa kuwa ni mtamu, ni safi na upo dukani saa yoyote. Muhogo haujapata bado mtu wa kuufanyia hivyo, ingawa hata leo ingetosha ofisi, shule na vyuo vya mji huu vikibadilisha chai ya saa nne kwa siku mbili za wiki. Mama lishe hupika kile anachojua kitanunuliwa. Ofisi yenye watu 60 ikimwambia, “Dada, Jumatatu na Alhamisi tunataka viazi vitamu na mbaazi,” atavileta, na mkulima wa Mabokweni atajua wiki nzima kabla kwamba viazi vyake vina mlaji. Uhakika wa aina hiyo unamsaidia mkulima kuliko sifa.

Nyumbani kwangu tumeanza na asubuhi, kwa sababu daftari lilionyesha doa liko hapo. Hatukuweka sheria. Mke wangu alisema wazi kwamba hatakuna nazi alfajiri kwa ajili ya nadharia zangu, na ana haki. Tukagawana kazi: mimi napita sokoni jioni kununua na kukuniwa nazi, mtoto mkubwa anamenya mihogo usiku huku akisikiliza redio, tui linakamuliwa na kuwekwa kwenye jokofu. Asubuhi kuna kuwasha jiko tu. Siku za Jumanne ni muhogo wa nazi, Ijumaa ni vitumbua vya jirani na mbaazi, Jumapili ni magimbi kwa dagaa wa kukaanga. Siku zilizobaki mkate upo kama kawaida. Wiki ya kwanza mdogo wetu aliyetimiza miaka 7 aliuliza kama Ramadhani imerudi. Wiki ya tatu aliuliza kwa nini Jumatano hakuna.

Jumatatu iliyopita nilifika Mgandini nikiwa nimechelewa, jua linazama. Yule mama wa Kirare alikuwa anakunja turubai lake. Kabla sijamwamkia akainama akatoa mfuko chini ya meza, mihogo imekwisha kuchaguliwa, yote ya saizi moja. “Nilijua utakuja, kesho Jumanne,” akasema. Nikamlipa, nikaenda kwa kijana wa nazi kabla hajazima mashine.